Nani Alikohoa Kwanza

3 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama itakukuta na hasira, basi iweke pembeni kidogo usome. Simu zangu huzipokei tangu Oktoba, ndiyo maana nimerudi kwenye karatasi. Mwandiko wangu unaujua. Mwalimu alisema unafanana na nyayo za kuku mwenye haraka.

Huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu. Kile kitambaa ulichomletea alikishona, kikambana kifuani, lakini anakivaa hivyo hivyo na hataki kuambiwa. Wanao wawili wanamuulizia shangazi yao kila wakiona basi kubwa. Karakana ina kazi: madirisha ishirini na manne ya shule, yote ya kuchomelea nondo. Mashine iliungua mwezi uliopita, nikaifungua mwenyewe, nikaifunga, ikawaka. Sijui nilifanya nini, lakini inafanya kazi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Ni Mjomba Mizani.

Unakumbuka alikuja kwa mama Ijumaa ile, siku nane kabla mama hajafa. Alikaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, akakohoa kwenye leso yake kama mtu anayeficha kicheko. Mama akamwambia, "Kaka, nenda ukapime." Akajibu kwa ile sauti yake ya kukagua mizani sokoni, "Mimi nimechanjwa mara tatu. Korona ikiniona inavuka barabara." Akanywa chai katika kikombe cha mama. Jumapili mama akaanza homa. Jumamosi iliyofuata tukamzika.

Mimi nimenyamaza miezi mitano. Lakini sasa wazee wanataka mwezi wa sita wamtangaze Mjomba kuwa msemaji wa ukoo, kwa sababu ana hekima, eti, na amestaafu kwa heshima. Kila jioni anakwenda kukaa nyumbani kwa mama, kwenye kiti kile kile, anahukumu watu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu kifo kimemuumbua mwingine na yeye amebaki anapiga soga.

Nataka kumlipa. Sitaki kumpiga, ni mzee. Nataka asimame mbele ya ukoo mzima na kila mtu ajue kwamba alimuua dada yake.

Na wewe unaweza. Mwezi wa kumi na mbili ule mradi wenu wa damu ulikuja mtaani, tukajipanga foleni pale zahanati. Mjomba alikwenda, anavyopenda kupimwa. Akatuonyesha kadi yake kama mtu aliyepewa nishani. Namba yake ni 0417. Mimi nilikuwa nyuma yake, na muuguzi alinisifu kwamba nina mishipa kama mabomba ya maji. Damu ya Mjomba imo kwenye majokofu yenu. Wewe ndiye unayeshika hizo chupa. Niambie tu kama aliugua.

Ni mimi kaka yako,
Nondo


2 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Barua yako imenifikia juzi. Ilikwenda kwanza chumba nilichohama, mwenye nyumba akaiweka juu ya friji mpaka alipokumbuka.

Sijambo. Ninakaa karibu na kazini sasa, chumba kimoja, bomba linatoa maji asubuhi tu. Wasalimie wanangu. Mwambie wifi afumue ubavuni, niliacha kitambaa cha kutosha.

Umeandika kurasa mbili kuhusu leso ya Mjomba. Kuhusu simu umeandika kwamba mimi sipokei. Mimi ninakumbuka simu nyingine. Mama alilazwa Jumatano. Jumatano mpaka Jumamosi ni siku nne. Katika siku hizo nne simu yangu ilikuwa mfukoni mwa koti la maabara, nikienda nayo mpaka chooni, na haikulia. Jumapili asubuhi nikapata ujumbe wako: "Mama hayupo tena. Tumeshamzika jana, walikataa tusubiri." Maneno saba. Nimeyahesabu. Kwa nini hukunipigia? Nilikuuliza siku ile ukasema mtandao ulikuwa mbovu. Ninakuuliza tena.

Kuhusu ulichoniomba, hapana. Chupa hazina majina, zina namba, na ni kwa sababu ya watu kama wewe. Aliyetoa damu yake aliahidiwa kwamba hakuna mtu atakayemfuata nyumbani nayo. Nikivunja ahadi hiyo ninafukuzwa kazi, na ni haki yao.

Na hata ningekubali, si kama unavyofikiri. Sikiliza, nikueleze kwa lugha ya kazi yako. Kingamwili ni kitu ambacho damu hutengeneza ikishamjua adui. Kirusi hiki kina miiba kwa nje, na kina vitu vyake ndani. Chanjo tuliyopewa huufundisha mwili ile miiba tu. Kwa hiyo aliyechanjwa anaijua nyumba kwa geti lake. Aliyeugua ameingia mpaka jikoni. Tukikuta kwenye damu kingamwili za vitu vya ndani, tunajua huyu mtu alikutana na kirusi chenyewe, sindano tuliyopewa haiwezi kuzileta. Halafu kirusi chenyewe kinabadilika. Kila baada ya miezi kinabadilisha geti, na damu iliyokariri geti la zamani inasimama pale inashangaa. Ndiyo kazi yangu kila siku: kuweka damu za watu mbele ya kirusi cha zamani na kirusi kipya, kuona ipi bado inakamata.

Ndiyo hayo. Sitafanya.

Lakini nijibu. Mama alianza kulalamika lini hasa? Na ukiacha Mjomba, nani mwingine alikuwa anaingia nyumbani wiki ile?

Mdogo wako


24 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako karakana, nikiwa nimevaa glavu, nimeichafua na mafuta, samahani. Wifi yako amefumua ubavu, sasa anapumua. Mdogo wa wanao ameng'oka jino la mbele na anapiga mluzi bila kutaka.

Nani aliingia? Watu waliingia, kama kawaida ya mama. Jirani aliazima ungo. Mama mdogo alileta mboga. Mimi nilipita pita. Lakini aliyekohoa ni mmoja.

Mambo ya simu tuyaache, yanatupotezea muda.

Nikuambie nilichofanya. Unakumbuka geti la nyumbani kwa Mjomba, lile lenye mistari ya jua, nililomchomelea bure mwaka ule alipostaafu. Jumatatu asubuhi nilikwenda na vifaa vyangu nikaanza kukata bawaba. Majirani wote wakatoka. Mjomba akatoka na miwani mkononi.

"Mpwa wangu, unafanya nini?"

"Nachukua changu."

"Limekukosea nini?"

"Geti halijanikosea. Aliyeingia na kutoka ndani yake ndiye."

Akaniangalia nikikata mpaka mwisho, na lilipokaribia kuanguka akashika upande wake, mzee yule, lisiniangukie mguuni. Nikamwambia aache. Akaacha. Nimelisimamisha ukutani karakana, mgongo nje. Sasa uwanja wake uko wazi kama mdomo wa mwanao, mbuzi wa watu wanaingia na kutoka. Anajua kwa nini, na mtaa wote unajua.

Lakini haitoshi. Wazee wanasema ni hasira za msiba. Wanataka ushahidi, na ushahidi uko kwenye jokofu lako. Unaniambia habari za ahadi. Mama aliahidiwa nini? Alikuwa dobi wa hospitali miaka ishirini na mbili, akapiga pasi shuka za wagonjwa, wimbi la kwanza la korona likampiga, akapona, akachanjwa mara mbili, akatuambia, "Sasa hata mimi nina kinga." Hiyo ahadi nani aliivunja?

Kama huna uchungu na mama, sema tu. Nitajua nimebaki peke yangu.

Kaka yako


1 Juni

Kaka,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako mwezi mzima. Ile sentensi yako ya mwisho nilitaka kuichana, nikaishia kuikunja na kutembea nayo.

Nimefanya. Ninakuandikia kabla sijabadili nia.

Ilikuwa mchana, wenzangu wamekwenda kula. Nilianza na chupa ya mama, siyo ya Mjomba. Hukuniuliza kuhusu mama. Alijiandikisha kwenye mradi kabla ya ninyi wote, kwa ajili yangu, akanipigia simu akicheka, "Leo nimekuwa na namba kama gari." Kwa hiyo namba yake ninaijua. Walimtoa damu Agosti, miezi miwili kabla ya kufa. Jokofu lile lina baridi inayochoma kidole kama moto hata ukivaa glavu. Wewe ulimzika. Mimi nilinyimwa. Nilichopata ni kijichupa kisichojaa kijiko, nikakishika mkononi mpaka barafu ya nje ikayeyuka, nikasahau kwamba damu haitakiwi kuyeyuka hivyo. Nikaipima basi.

Kirusi cha zamani, kile cha wimbi la kwanza, damu ya mama ilikikamata chote. Alikijua kwa moyo. Kirusi kipya, kile kilichokutwa kwenye kipimo cha koo alichochukuliwa hospitali, damu yake ilikipita kama mgeni barabarani. Karibu hakuna. Ilikuwa miezi minane tangu sindano yake ya mwisho, kingamwili zilikuwa zimeshuka, na geti lilikuwa limebadilishwa. Alikuwa na kinga kweli, ila ilikuwa ya adui aliyekwisha ondoka.

Halafu nikachukua 0417.

Mjomba ana kingamwili za miiba, nyingi. Za chanjo, kama alivyosema. Za vitu vya ndani hana hata chembe. Damu ile ilichukuliwa wiki saba baada ya mazishi. Angekuwa ameugua Oktoba, wiki saba ni chache mno kwa alama zote kufutika kwenye damu, na nilirudia kipimo mara tatu. Ni mara chache sana kipimo hiki kumkosa mtu aliyeugua, na sitakudanganya kwamba haiwezekani kabisa. Lakini ukiniuliza mimi, kile kilikuwa kikohozi cha sigara, kile kile alichokuwa nacho tangu tukiwa wadogo.

Rudisha geti la watu.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini uliniandikia mwenyewe kwamba kwenye foleni ulikuwa nyuma ya Mjomba. Namba zinafuatana. Nimefungua na 0418.

Sitakuambia nilichoona. Nitakuuliza tu, na uchukue muda wako kujibu: wewe ulianza kukohoa siku gani?

Mdogo wako


19 Juni

Mdogo wangu,

Salamu. Barua yako sijaipata, wanasema posta wana mgomo, lakini siwezi kusubiri nikueleze. Yamekwisha. Mama amelipiwa.

Kikao kilikuwa Jumapili, sebuleni kwa mama, viti vikaletwa mpaka vya jirani. Mjomba amevaa koti. Mzee wa kwanza akasema maneno yake marefu, kwamba ukoo bila msemaji ni ng'ombe bila kamba. Kabla hajamaliza nikasimama.

Nikasema yote. Ijumaa, leso, kikombe. Nikasema, "Huyu mnayetaka atusemee, aseme kwanza kwa dada yake." Nikasema pia kwamba mdogo wangu yuko maabara kubwa na amethibitisha. Najua hujathibitisha, lakini najua pia utathibitisha, ni suala la barua kufika.

Watu wakageuka kumtazama. Nilifikiri atanguruma. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akasema, "Kama ni mimi, basi nisameheni. Mimi sijui. Nilikuwa nakohoa, ni kweli." Sauti ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. Shangazi wa kule mlimani akatema mate chini karibu na viatu vyake.

Mama mdogo peke yake ndiye aliyeleta utata. Akasema kutoka jikoni, "Na wewe Nondo, si ulikuwa na mafua wiki ile ile? Nyani haoni kundule." Watu wakacheka. Nikamwambia ni vumbi la chuma, mafundi wote tunakohoa, na yeye aangalie sufuria zake.

Wameamua. Hatakuwa msemaji. Hataingia tena nyumba ya mama, wala hatakwenda kaburini bila ruhusa ya ukoo. Alipotoka hakuna aliyemsindikiza. Alifika kwake, nyumba haina hata geti la kufunga nyuma yake, akaingia ndani, na tangu siku hiyo hajaonekana nje. Wanasema hata chakula hali vizuri.

Nilidhani ningelala vizuri. Mgongo unaniuma kidogo, labda ni yale madirisha. Lakini nimeridhika. Andika na wewe useme umeridhika.

Kaka yako


14 Julai

Kaka,

Barua zetu zimepishana njiani. Bila shaka yangu umeshaisoma, na bado hujajibu, kwa hiyo nitajibu mimi.

Mama mdogo ameona zaidi akiwa jikoni kuliko mimi na mashine zangu.

Kwenye fomu yako uliandika kwamba hujachanjwa. Damu yako imejaa kingamwili za vitu vya ndani. Uliugua, na si zamani. Nikaiweka mbele ya virusi vitatu. Cha wimbi la kwanza inakigusa kidogo tu. Cha wimbi la pili kidogo tu. Kile kipya, kile cha koo la mama, inakikamata kwa nguvu kuliko damu nyingi nilizowahi kupima. Damu ya namna hiyo ni ya mtu ambaye kirusi chake cha kwanza maishani kilikuwa hicho kipya. Vumbi la chuma halina miiba, kaka.

Nilikuuliza Aprili nani aliingia nyumbani. Ulisema ulipita pita. Nilikuuliza Juni ulikohoa lini. Swali lilipokufikia ulikuwa tayari umeshamvua mzee nguo mbele ya watu, na jina langu ukalitumia.

Ulitaka aliyemuua mama asimame mbele ya ukoo. Vizuri. Viti vya jirani vipo. Simama.

Sina salamu za kutuma.


30 Septemba

Mdogo wangu,

Sijui nianzeje, kwa hiyo naanza na salamu, maana mama angesema hata mwizi hupiga hodi. Watoto hawajambo. Wifi yako ananipikia, ananiwekea mezani, haongei.

Nimesimama. Ilichukua miezi miwili. Nitakueleza na wewe kama nilivyowaeleza, usije ukasikia vingine kutoka kwa mtu mwingine.

Nilianza kuumwa Jumanne, siku tatu kabla ya Mjomba kuja. Kichwa, koo, mifupa. Nilijua ni nini, karakana ya jirani walikuwa wameugua wote. Nikaogopa kwa ajili ya watoto. Nikafikiri, niende wapi nilale siku mbili tatu. Nikahesabu: watoto hawana kinga, mke wangu hana. Mama ameugua, amechanjwa mara mbili, ana kinga juu ya kinga. Nikamchagua yeye.

Alinifungulia, akaniangalia mara moja, akasema, "Ingia, usisimame kwenye upepo." Nililala kitandani kwake, yeye akalala kochini. Akaniwekea mkono kwenye paji la uso usiku na mchana. Mimi nilimwambia avae barakoa, akasema, "Mimi hii nimeshaimaliza." Ijumaa asubuhi nikajisikia nafuu nikarudi karakana. Mchana Mjomba akaja. Akakohoa. Nilipokuja jioni nikamkuta anakohoa, nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kabla hata mama hajaumwa, kwa sababu nilijua kwamba lolote likitokea kutakuwa na mtu wa kulaumiwa.

Sasa simu. Alhamisi mama alikuulizia. Alisema, "Mpigie yule wa maabara, yeye atajua." Nilitoka nje ya wodi, simu mkononi, jina lako limetokea kwenye kioo. Nikajua swali lako la kwanza litakuwa nani alikohoa kwanza, kwa sababu ndiyo kazi yako. Nikazima. Nikarudi nikamwambia hupatikani. Akasema, "Basi yuko kazini." Hakuuliza tena.

Nilipomaliza kusema, Mama mdogo aliinuka akachukua kikombe cha chai alichokuwa ameniwekea, akakimwaga kwenye sinki, akakiosha. Shangazi wa kule mlimani hakutema mate, aligeuza kiti. Wamenipa adhabu ile ile waliyompa Mjomba. Shule wamechukua madirisha kumi na wakasema yaliyobaki watampa fundi mwingine.

Geti nimelirudisha. Mjomba alisimama mlangoni muda wote nikichomelea. Amekonda. Nilipomaliza akalitazama akasema, "Limepinda. Kidole kimoja, upande wa kushoto." Lilikuwa limepinda kweli. Nikalikata nikalirudia. Nikamwomba msamaha, nimepiga magoti, chuma bado cha moto. Akasema, "Niliomba msamaha mbele ya watu kwa kosa lisilo langu. Wewe ulikuwa umesimama pale, unaniangalia, unajua." Akaingia ndani akafunga.

Wifi yako neno alilosema ni moja tu, siku ile. "Kwa hiyo ilikuwa kwa ajili yetu." Tangu hapo hajanitazama.

Sikuombi kitu. Ulitaka nisimame, nimesimama. Mtaani wana jina jipya la kuniita, na ni sahihi. Nilimuua mama yangu.

Nondo


12 Oktoba

Kaka,

Shikamoo.

Barua yako ilifika Jumatano. Nimeisoma mara moja tu, sitairudia.

Kuna jambo nililijua Julai nikakuficha. Nililificha kwa makusudi.

Damu inaweza kusema umekutana na kirusi, na kwa bahati inaweza kusema ni kipi. Haiwezi kusema nani alimpa nani. Hakuna mashine duniani inayoweza kusoma hilo kwenye chupa. Chupa zilizotoka mtaani kwetu siku ile ya foleni zilikuwa sitini na moja. Thelathini na nane zilikuwa na alama kama yako, kirusi kile kile, miezi ile ile. Na Jumatatu ya wiki ile, kabla hujaumwa, mama alinipigia simu kutoka kliniki ya presha. Alisema amekaa benchini tangu saa mbili, watu wamebanana, kila mmoja anakohoa na dirisha halifunguki. Inawezekana alikipata pale. Inawezekana alikipata kwako. Inawezekana alikipata kwa mwingine aliyeingia nyumbani. Sijui, na mimi ndiye ninayejua kuliko wote.

Nilikuwa na hayo yote mezani siku nilipokuandikia kwamba vumbi la chuma halina miiba. Nilikuwa nimeshayaandika, nikaikata ile karatasi. Nilitaka ubebe wewe kama nilivyobeba simu isiyolia. Nilitaka ikuume, na nilitaka nijue imekuuma, na kila siku uliyokaa kimya Agosti nilikuwa nikihesabu kwa raha. Nilimpenda mama, lakini hilo halikuwa kwa ajili ya mama.

Sasa umeniambia habari za Alhamisi. Hapo hakuna kirusi wala kipimo. Hilo ulilifanya wewe kwa mkono wako, na sijui kama nitakusamehe. Usiniulize.

Nimemwendea mkuu wa maabara nikamweleza kwamba nilifungua namba tatu nisizoruhusiwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaomba kadi yangu ya mlango. Mjomba nimemwandikia barua yake peke yake. Wazee nao nimewaandikia kwamba sikuwahi kuthibitisha lolote juu yake, na kwamba juu yako pia hakuna anayeweza kuthibitisha. Nimewaomba pia ruhusa unifikishe kaburini.

Jambo moja la kitaalamu, usilichanganye na hayo mengine. Kingamwili zako ni za kirusi kimoja tu, na kwa sasa zitakuwa zimeshuka. Kirusi kilichoingia maabara mwezi uliopita damu za namna yako zinakikamata kwa shida. Nenda ukachanjwe, na uwapeleke wifi na watoto kama umri wao unaruhusu. Mama alikuwa sahihi kwamba alikuwa na kinga, na hata hivyo alikufa. Wengi waliokuwa na kinga kama yake mwaka ule walipona. Usichukue kifo chake ukakigeuza kuwa sababu ya kukataa.

Ninasafiri Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, nitashuka stendi Jumamosi saa nne asubuhi. Njoo peke yako. Usinipokee mzigo na usiseme pole. Tutapita nyuma ya hospitali kwa miguu mpaka makaburini, hatutaongea. Utanionyesha alipolala, kisha utaondoka uniache naye.

Mdogo wako